Peptidi Kwenye Uso wa Mama

Asubuhi moja bibi yangu alimwamkia mama yangu shikamoo. Ngoja niseme vizuri, maana mtu anaweza kudhani nimeteleza ulimi: mama mzazi alimwamkia binti yake wa kumzaa mwenyewe, "Shikamoo mama," kwa adabu zote, tena akataka kuinuka kitini ampishe akae. Mama alikuwa ameshika bakuli la uji. Angejibu nini? Kwetu mtu hamwitikii mama yake marahaba hata kwa utani. Akaweka bakuli mezani, akaingia jikoni, nikasikia bomba linamwaga maji wakati hakukuwa na chombo cha kuosha.

Tulikuwa tunaishi watatu, Bunju, kwenye nyumba niliyoijenga kwa awamu kama watu wote wa huku: sebule ina vigae, chumba changu mpaka leo ni saruji. Mie nafundisha kemia sekondari moja upande wa Mbezi Beach. Mama ni karani mstaafu. Bibi tulimtoa Newala baada ya majirani zake kupiga simu kwamba anainjika sufuria tupu motoni na kukaa kusubiri ichemke. Alipofika alikuwa bado anamjua mama, anamgombeza vizuri tu. Halafu kidogo kidogo akaanza kumpoteza. Akawa anakula, ananyamaza, kisha anamuuliza huyohuyo anayemlisha, "Samahani mama, binti yangu anakuja lini?"

Mie hakunijua tangu siku ya kwanza na wala haikuniuma sana. Aliniita mwalimu, na mwalimu ndiye.

Lakini mama mambo hayo yalikuwa yanamla. Akajaribu kila kitu. Akaleta picha yake ya usichana, ile ya studio ya Kariakoo, amesimama na gauni la mabega mapana, uso laini, mashavu yamejaa. Bibi akaikamata ile picha kwa mikono miwili. "Huyu hapa! Huyu ndiye mwanangu! Mmemwona wapi?" Akaibusu, akaibandika kifuani. Kisha akamgeukia mama, maana bibi yangu ni mtu mwenye utu wake, akaona si vizuri kufurahi peke yake. "Na wewe mama, Mungu amekujalia watoto?"

"Ninaye mmoja," mama akasema.

"Akukuzie."

Haikupita wiki, nikamkuta mama dirishani kwenye mwanga, ameshika kichupa cha matone chenye maji ya bluu. Mama yangu huyu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupaka usoni kitu kingine zaidi ya mafuta ya nazi, na poda siku za harusi!

"Wewe si mwalimu wa kemia? Hebu nisomee hapa."

Nikasoma: peptidi, shaba, na maneno marefu ya kutisha watu. Nikaangua kicheko. "Mama! Kuna mtu analeta posa?"

Hakucheka. "Nataka anijue," akasema.

Loh. Neno hilo lilinikata maini. Kumbe aliiona picha ikibusiwa, akaenda kuutafuta ule uso dukani.

Mie ni mtu wa hasira za karibu, na nikiumia huwa natafuta wa kugombana naye. Kesho yake nikitoka kazini nikaenda mpaka Kawe, kwenye duka la vipodozi alikonunua kile kichupa. Nikamkuta muuzaji, msichana wa watu, kucha ndefu, ananitazama na madaftari yangu kwapani. Nikamuuliza kwa ukali hicho kichupa kinafanya nini hasa.

"Kinarudisha ujana, sista. Watu wazima wote wanachukua hicho."

"Kinarudishaje?"

Akaanza wimbo wake wa biashara, ngozi kung'aa, ngozi kukaza, mpaka akaona simsikilizi. "Kwani mama anataka arudi umri gani?"

"Umri ambao mama yake mzazi anamkumbuka," nikasema, na sauti ikanikatika palepale mbele ya rafu za losheni, aibu gani hiyo. Nikamweleza. Yule msichana akaacha maneno ya dukani. Akachukua tyubu ya kinga ya jua, akaitia kwenye mfuko. "Mpelekee, ni zawadi yangu. Akipaka kile asubuhi halafu akakaa juani bila hii, jua linabomoa kuliko kile kinavyojenga." Nilikuwa nimekwenda kugombana, nikarudi na zawadi.

Mama akaijaribu ile kinga ya jua mara moja, akajitazama kiooni, akaitupa kabatini. "Inaniacha kama nimeanguka kwenye unga," akasema. Lakini kichupa cha bluu akataka aelezwe, tena aelezwe kama mtu mzima. Basi tukakaa jikoni, yeye anachambua mchele, nikamwambia.

"Ngozi, mama, imeshikiliwa kwa ndani na nyuzi za kolajeni. Kolajeni ni protini. Na protini ni shanga nyingi zimetungwa kwenye uzi mmoja mrefu. Ukikata kipande kifupi, shanga chache tu, hicho ndicho peptidi."

"Shanga za kiunoni?"

"Mama!"

"Nauliza ili nielewe."

"Sasa nyuzi hizo hukatika. Jua linazikata, miaka inazikata. Zikikatika vinabaki vipande vidogo, na zile seli zinazotengeneza kolajeni zikikutana navyo zinapata habari kwamba kuna mahali pameharibika. Zinaanza kazi ya kutengeneza nyingine. Ujanani zinafanya haraka, uzeeni zinajivuta. Basi wataalamu wakasema, kwa nini tusitengeneze vipande vinavyofanana na vile, tukapaka kwa juu? Seli zidhani pamebomoka, ziamke."

Mama akaacha mchele. "Kwa hiyo ni uongo."

"Uongo wenye nia njema."

"Ni kama kutangaza msiba ambao haupo, watu wakaja na turubai na viti."

"Na masufuria."

"Na wakikuta hakuna maiti?"

"Wanafagia uwanja, wanaondoka."

"Basi si haba, uwanja umefagiwa." Akacheka mpaka akafuta macho. Bibi naye kule sebuleni akacheka, hajui tunacheka nini, kwa kushirikiana tu. Uso wa bibi umechanjwa nembo za Kimakonde, mistari ya pembe kwenye mashavu mawili na kwenye paji, za tangu akiwa mwali. Mama akamtazama. "Na zile nembo? Nazo ni habari hizohizo?"

"Zilezile, ila pale hakukuwa na uongo. Pale ngozi ilikatwa kweli, ikatiwa masizi, ikapata habari, ikajenga. Na mpaka leo inakumbuka ilipokatwa." Nilisema hivyo bila kufikiri, kisha nikajisikia vibaya, maana mwenye ngozi yenyewe alikuwa hakumbuki hata kama amekunywa chai.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kazi yangu ni kusema kitu kilivyo, na mama hakunilea nimdanganye. Nikamwambia kwamba shida ya peptidi ni kuingia. Ngozi ya juu imejengwa ili kufukuza wageni. Ina mafuta, na peptidi inapenda maji, ndiyo maana nyingine huwa zinaunganishwa na mkia wa mafuta ili zipate upenyo. Hiyo yake ya bluu imebeba shaba, na shaba mwili unaitumia kweli ukijitengeneza. Lakini kinachopita ni kidogo. Vile vikunjo vya juu juu vinaweza kulainika, na sehemu ya kulainika kwenyewe ni unyevu tu, hata mafuta yake ya nazi yangesaidia. Na wengi wanaotuambia imefanya kazi ndio haohao wanaoiuza. "Ila hii," nikamgusa ile mikunjo miwili mirefu inayoshuka kutoka puani mpaka chini ya mdomo, "hii haiendi popote, mama. Na hivyo vidogo vyenyewe ni kazi ya miezi."

"Miezi," akasema. Akamtazama bibi kule sebuleni, amesinzia, kidevu kifuani. "Bibi yako anayo hiyo miezi?"

Hesabu hiyo kemia haikunifundisha.

Akaanza kupaka. Asubuhi matone, jioni matone. Na kila asubuhi akishapaka alikuwa anakwenda kukaa mbele ya bibi, uso kwa uso, anasubiri. Bibi anamtazama, anatabasamu. "Shikamoo mama." Mama naye, kwa kuwa kuitikia hawezi na kunyamaza ni kiburi, akawa anarudisha, "Shikamoo na wewe mama." Nyumbani kwetu shikamoo zikawa zinagongana hewani, hakuna wa kuzipokea. Mie nikiwa naondoka kwenda kazini nilikuwa nacheka njiani, kisha sicheki.

Sasa nije kwenye balaa. Wanawake wa mji huu tuna imani moja, na msomi na asiye msomi tumo: kitu kikipakwa peke yake hakina nguvu. Krimu lazima ikutane na krimu. Mtu ananunua ya tyubu, anaichanganya na ya kopo, anatia na ya kuosha na maji ya limau juu, anakoroga, na ukimuuliza anakwambia ndiyo yenyewe. Mama alikuwaga msemaji mkubwa wa wenye mkorogo. Kanisani akiona mtu ana uso wa njano na vidole vyeusi ananikanyaga mguu. Lakini alipoona siku zinakwenda na bibi bado anamwita mgeni, akaona dawa imezubaa, inahitaji wa kuisukuma. Akachukua kikopo cha mafuta yake ya nazi, akatia asali, akakamulia limau, kisha akamimina kichupa kizima cha peptidi humo. Akapaka asubuhi, akaenda kuanua na kuanika nguo uani mpaka adhuhuri, jua la Bunju mnalijua.

Nilirudi nikamkuta amekaa na kanga amejifunika kichwani. Nikaifunua. Yesu wangu! Uso umevimba, mashavu yamewiva, malengelenge kwenye paji.

"Mama, umepaka nini?"

"Ilikuwa na rangi ya bluu, nikakoroga, rangi ikapotea," akasema, sauti ndogo. "Nikadhani ndiyo imeingia."

"Imeingia wapi! Tindikali ya limau imeinyang'anya peptidi shaba yake! Nani kakutuma utie limau?"

"Limau si tunda?"

"Na maji ya betri ni maji, mbona huyaogi?"

Nilikuwa napiga kelele, majirani wanasikia. Halafu mama akasema, "Alikuwa ameanza kunijua. Juzi alinitazama kwa muda mrefu, mrefu kabisa. Nikasema nikiongeza kidogo tu." Machozi yakamtoka, na yalivyokuwa yanashuka kwenye yale malengelenge yanamchoma, akawa anajaribu kulia bila kutoa machozi. Mtu anafanyaje hivyo? Nikapiga magoti nikamshika, nikalia mie kwa niaba yake.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Akainuka, akaja taratibu, akaninong'oneza nisogee. Akamwinua mama kidevu. "Pole mama. Umeungulia jikoni?" Akaanza kumpuliza usoni, fuu, fuu, pole pole, anazunguka kutoka shavu hili mpaka lile, vile mtoto anavyopulizwa akijikwaa. Alipochoka akapumzika, akaendelea. Mama akafumba macho akaacha apulizwe, na sikumwona mama yangu ametulia hivyo tangu bibi aje.

Zahanati daktari alimsikiliza, akatikisa kichwa. Limau na jua, akasema, wanaletwa wengi. Ile peptidi haina kosa, imeingizwa tu kwenye kesi ya wenzake. Akamwachisha kila kitu: hakuna matone, hakuna asali, hakuna rangi ya nywele, hakuna kutoka nje mchana. Mafuta mepesi yasiyo na harufu, basi. Mama akaitikia kila neno, ndiyo daktari, ndiyo daktari, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Ngozi ikabanduka, ikaja nyingine. Ilikuja na madoa meusi, na ile mikunjo ya mdomoni ikaonekana imezama zaidi kuliko mwanzo. Nywele nazo, kwa kukosa rangi, zikatoka nyeupe pembeni mwa kilemba. Mama akauzungushia kanga ule uso akaacha kujitazama. Picha ya studio akairudisha ndani ya sanduku. Hakusema tena habari ya kujulikana, wala mie sikumkumbusha. Alikuwa anamlisha mama yake, anamwogesha, anambadilisha, kimyakimya. Nilikuwa namtazama nikitaka kumwambia uso wako mzuri, mama, lakini najua angeniambia nisimfanye mtoto.

Jumamosi moja tulikuwa baraza la nyuma, kivulini, karibu na simtanki la maji. Mie nasahihisha madaftari, bibi ametoka kuoga, mama anampaka usoni yale mafuta mepesi ya zahanati, maana walikuwa wanatumia kopo moja. Anampaka vizuri, anafuata mistari ya nembo kwa ncha ya kidole. Kanga ya mama ikateleza ikaanguka mabegani. Bibi akatazama. Akanyoosha mkono, akamgusa mama pembeni ya mdomo, kwenye ile mikunjo miwili, akaifuata mpaka chini. Kisha akamgusa nywele nyeupe. Akasema kitu kwa Kimakonde.

Hapo niliweka kalamu chini. Tangu alipompoteza, bibi alikuwa anamsemesha mama kwa Kiswahili tu, Kiswahili cha kuongea na wageni. Kimakonde changu ni cha kuokoteza, na mengine ya siku hiyo mama alinifasiria baadaye, lakini hili nililisikia: alimtaja mama yake mzazi. Si neno mama tu, jina kabisa, jina la mwanamke aliyezikwa Newala kabla mie sijazaliwa. Watu wanaomkumbuka wanasema alikuwa na uso wa hivyohivyo, mikunjo miwili imeshuka imeuzunguka mdomo. Bibi alikuwa ameitafuta familia yake kwenye uso wa mama, na hakuikuta kwenye ulaini, aliikuta kwenye mikunjo.

"Umechelewa," bibi akamwambia. "Nilikuwa peke yangu."

Mkono wa mama ukasimama hewani na mafuta yake. Angeweza kumsahihisha, amwambie mimi si mama yako, mimi ni mwanao. Alikuwa amepigania neno hilo mpaka akajiunguza.

"Nimekuja, mwanangu," mama akasema. "Nipo."

Bibi akamlalia kifuani. Mwili mzima ukalegea, vile wazee wanavyokuwaga wepesi, mama akampokea na kumkumbatia, na kidogo kidogo wakawa wanayumba. Bibi akaanza kusema. Akalalamika kuhusu magoti, kuhusu mbuzi wa mtu fulani, nikadhani ndiyo basi. Halafu akasema, "Mama, nimemtoa mtoto wangu."

Hapa lazima nieleze. Mama yangu aliletwa Dar es Salaam akiwa binti mdogo. Mjomba wake alikwenda Newala akamchukua ili asome, na siku ya kuondoka mama yake hakutoka nje kumuaga. Wengine wote walitoka, wakamsindikiza mpaka barabarani, yeye hakutoka. Mama alishanisimulia habari hiyo akichekacheka, na nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anacheka.

"Kaka kaja kamchukua," bibi akaendelea. "Anasema mtoto ana akili, asome. Nikasema haya. Sasa mtoto anadhani simtaki."

"Hadhani hivyo," mama akasema.

"Anadhani. Aligeuka geuka kutazama mlango. Nilimwona kwenye ufa. Nilikuwa nimejifungia na komeo ili nisitoke, maana ningetoka ningemnyang'anya mikononi mwa kaka, asingesoma." Akaikamata kanga ya mama. "Nilikuwa hapo hapo, nyuma ya mlango. Ukimwona, mwambie."

Mama alikuwa analia sasa, na safari hii ngozi ilikuwa imepona, machozi yakashuka yanavyotaka. Akaweka kidevu chake juu ya kichwa cha mama yake.

"Nimemwambia," akasema. "Amesikia, mwanangu. Amesikia."